Mwanachuo anayetuchezea alipwe, ila tuanze na bima yake

Mhariri,

Naomba nafasi katika safu ya barua nimjibu msomaji mwenzangu aliyeandika wiki iliyopita kwamba mwanachuo akishalipwa kwa kucheza si mwanafunzi tena, na kwamba Wamarekani, walioliruhusu jambo hilo, wameiuza elimu ya juu kwa wafanyabiashara. Kwamba biashara imeingia vyuoni, sina ubishi naye. Ninachokikataa ni ile dhana kwamba imeingia juzi, na kwamba walioikaribisha ni wachezaji.

Biashara ilikuwamo siku nyingi, na aliyeachwa nje ni mchezaji. Haki za kuonyesha mashindano ya mpira wa kikapu ya vyuo, yanayochezwa huko kila Machi, ziliuzwa mwaka 2010 kwa mkataba wa miaka 14 wenye thamani ya dola bilioni 10.8. Katika majimbo mengi ya nchi ile mtumishi wa umma mwenye mshahara mnono kuliko wote, akimzidi hata gavana, ni kocha wa timu ya chuo. Muda wote huo NCAA, chombo kinachosimamia michezo ya vyuo, kilikuwa kikimfungia kijana aliyebainika kupokea fedha kwa kutia saini jezi yake mwenyewe, kwa maelezo kwamba michezo ya vyuo ni ya ridhaa. Ridhaa hiyo haikumgusa kocha, wala mtangazaji, wala mwenye kiwanda cha jezi.

Aliyeligeuza jambo hili ni Ed O'Bannon, aliyeipa UCLA, yaani Chuo Kikuu cha California kule Los Angeles, ubingwa wa kikapu mwaka 1995 na ambaye, miaka mingi baada ya kuacha kucheza, alionyeshwa mchezo wa video wenye mchezaji wa timu yake ya zamani: upara ule ule, mkono wa kushoto ule ule, jezi namba 31 ile ile. Mchezo huo uliuzwa madukani na yeye hakupata hata senti. Alifungua kesi mwaka 2009, na mwaka 2014 Jaji Claudia Wilken akaamua kwamba NCAA ilikuwa imevunja sheria za ushindani. Juni 2021 majaji wote 9 wa Mahakama ya Juu ya Marekani, katika kesi nyingine, wakaizuia NCAA kuweka ukomo wa misaada ya kielimu kwa wachezaji, na kuanzia Julai mosi mwaka huo wanafunzi wakaruhusiwa kupata fedha kwa majina na picha zao. Juni 2025 Jaji Wilken aliidhinisha makubaliano ya fidia kwa wachezaji ya takriban dola bilioni 2.8, pamoja na utaratibu unaokiruhusu chuo kugawa kwa wachezaji wake hadi dola milioni 20.5 hivi katika mwaka wa kwanza.

Sisemi kwamba mambo yamenyooka. Fungu kubwa linaelekea kwa wanaume wa mpira wa Kimarekani na wa kikapu, na baadhi ya wanamichezo wanawake wamekwisha kukata rufaa kuupinga mgawanyo wa fidia hiyo. Mgeni naye, mwenye viza ya masomo, anabanwa na sheria za uhamiaji zinazozuia kufanya kazi, na hapo ndipo jambo linapotugusa sisi. Hasheem Thabeet, kijana wa Dar es Salaam, aliichezea timu ya kikapu ya Chuo Kikuu cha Connecticut misimu mitatu hadi nusu fainali ya taifa, kisha akachaguliwa wa pili katika usajili wa NBA wa mwaka 2009. Suleiman Nyambui, aliyetuletea medali ya fedha ya mita 5,000 kutoka Moscow mwaka 1980, alisoma na kukimbia katika Chuo Kikuu cha Texas kule El Paso. Kijana wetu atakayewafuata leo anaweza kukaa benchi moja na mwenzake mwenye mikataba ya matangazo, huku yeye akiogopa kuweka saini popote asije akapoteza viza.

Msomaji mwenzangu atasema hayo ni ya Marekani na sisi hatuna dola bilioni. Ni kweli. Mechi nyingi za vyuo vyetu hazina kiingilio, na hata kule idara nyingi za michezo hujiendesha kwa hasara na kubebwa na chuo. Kwa hiyo sidai mshahara kwa kila mwanachuo aliyevaa jezi.

Lakini nimefundisha michezo vyuoni hadi kustaafu na nimeliona bango lililotundikwa langoni mwa chuo kimoja hapa jijini, likimwonyesha mlinzi wa timu ya netiboli akiwa amenyanyua mpira, na nembo ya mdhamini ikiwa kubwa kuliko ya chuo. Binti huyo hakuwahi kuulizwa kama picha yake itumike. Alichokipata msimu mzima ni nauli ya daladala, jezi aliyotakiwa kuirudisha, na sahani ya wali siku za mechi. Alipoumia goti katika mashindano ya vyuo, aliambiwa kwamba bajeti ya michezo haina kifungu cha matibabu baada ya timu kurejea. Kipimo cha goti kililipiwa na wenzake, waliochangishana kwenye kundi la WhatsApp kutoka katika boom lao, yaani fedha zao za kujikimu. Bango liliendelea kuning'inia muhula mzima.

Kisa hicho hunikumbusha cha Ray Dennison, aliyeumia kichwa akiichezea timu ya mpira wa Kimarekani ya chuo cha Fort Lewis, Colorado, mwaka 1955, akafariki. Mjane wake aliomba fidia anayostahili mtu aliyefia kazini. Mwaka 1957 Mahakama ya Juu ya Colorado ilimkatalia, moja ya hoja ikiwa kwamba chuo kile hakikuwa katika biashara ya mpira. Huenda kwa chuo kidogo kama kile hoja hiyo ilikuwa ya kweli. Chuo chenye nembo ya mdhamini langoni kingeijibu vipi?

Rai yangu basi ni kwamba malipo yafuate mapato. Pale ambapo hakuna anayeingiza fedha, mwanachuo acheze kwa mapenzi yake, kama tulivyocheza sisi. Pale ambapo kuna mdhamini, mkataba wake utenge kwanza bima ya ajali na matibabu hadi mchezaji apone, hata kama mashindano yamekwisha. Picha ya mwanachuo isitumike bila saini yake. Na sehemu ya udhamini ipelekwe moja kwa moja kwenye ada za wachezaji, wanawake kwa wanaume kwa kiwango kimoja. Shirikisho la michezo ya vyuo vikuu linaweza kuyaweka haya katika kanuni zake bila kusubiri sheria ya Bunge.

Na chuo kitakachosema hakina fedha za bima kianze kwa kupitia orodha ya msafara wake. Katika safari nilizokwenda na timu, viti vya mbele vya basi vilijaa viongozi wanaolipwa posho kwa siku, na sikumbuki hata mmoja aliyedai kwamba posho hiyo inamwondolea heshima ya elimu.

Mkufunzi mstaafu wa michezo,
Kimara, Dar es Salaam