Ofisi za wazi zitengenezwe kuanzia darini

Mhariri,

Wafanyakazi wakilalamika kuwa ofisi ya wazi, yaani ukumbi mmoja usio na kuta kati ya meza, inawachosha, waajiri wengi huwanunulia hedifoni na kupanga vyungu vya maua kati ya meza. Maua hayazuii sauti. Hedifoni husaidia saa moja mbili, kisha masikio yanapata joto, na muziki wenye maneno humvuruga yuleyule anayejaribu kusoma mkataba.

Kinachochosha zaidi ni mazungumzo yanayoeleweka. Kiyoyozi kikinguruma, mtu hukizoea. Mwenzako akiongea na mteja kwenye simu, unajikuta unamfuatilia bila kutaka, na hesabu uliyokuwa unajumlisha imepotea. Ndiyo maana kiwango cha kimataifa cha ISO 3382-3 hakiishii kwenye desibeli, kipimo cha ukubwa wa sauti. Kinapima pia ni umbali gani kutoka kwa msemaji maneno yake huacha kueleweka kiasi cha kuvuruga kazi. Ofisi nzuri hufikia mita 5 hivi; mbovu hupita 10. Hata bila vyombo mnaweza kupata picha: mmoja aketi asome gazeti kwa sauti ya kawaida, viyoyozi vikiwa vimewashwa, mwingine arudi nyuma meza kwa meza. Kama kwenye mita 10 bado anaweza kuisimulia habari yote, kuna kazi ya kufanya.

Kazi hiyo ianze darini. Sauti hupanda, hugonga zege, kisha humshukia aliye upande wa pili wa kiambaza, kile kizuizi kifupi kati ya meza. Viambaza peke yake, basi, ni nusu hasara. Vibao vya kufyonza sauti, vya pamba ya mawe au ya kioo, unene wa milimita 40 hadi 50, vifunike sehemu kubwa ya dari. Na jamani, visije vikapakwa rangi ya kawaida ya ukutani: rangi huziba vitundu, na kibao ghali kinabaki pambo. Ndipo vije viambaza vya kitambaa, kimo cha mita 1.4 hivi, vipite kichwa cha aliyeketi. Zulia hupunguza vishindo vya viatu, mazungumzo si sana.

Hatua inayofuata huwashangaza wengi: kuongeza sauti. Ukumbi wa desibeli 30 ni kimya mno, hata mazungumzo ya chini yanavuka safu kadhaa. Mvumo laini wa desibeli 40 hadi 45, kutoka spika zilizosambazwa darini, hufunika maneno. Spika moja kubwa pembeni haifai. Walio karibu huudhika, walio mbali hawapati kitu. Mvumo upandishwe kidogo kidogo kwa wiki kadhaa. Ukizidi, watu nao hupaza sauti.

Vibanda vya simu viwe hatua chache kutoka mezani, na mlango uzibwe kwa mpira chini. Upenyo mdogo tu humwaga mazungumzo nje.

Wanaovunja kuta hudai watu watazungumza zaidi. Ethan Bernstein na Stephen Turban wa Harvard walichapisha mwaka 2018 utafiti kuhusu kampuni mbili zilizohamia ofisi za wazi: mazungumzo ya ana kwa ana yalipungua kwa asilimia 70 hivi, barua pepe zikaongezeka.

Mwajiri anayeshikilia kuvunja kuta aandike ule umbali wa mita 5 kwenye mkataba wa mkandarasi, na upimwe kabla ya malipo ya mwisho.

Mtaalamu wa sauti za majengo