Kiolezo cha deraya kianzie mwilini, skrini ifuate

Mhariri, salaam.

Naomba nafasi kidogo maana hili jambo nalipenda na linaniuma pia. Siku hizi vijana wengi wanaotengeneza deraya za chuma, yaani mavazi ya kujikinga mwilini, za maigizo na za ile michezo ya kupigana kwa panga, wanafungua kompyuta kwanza, wanachora kifuniko cha goti kwenye programu za kuchorea kama Inkscape au Blender, wanaprinti, wanakata bati, halafu kitu hakivaliki na wanaanza kuilaumu programu. Programu haina kosa jamani. Mi mwenyewe nazitumia kila siku na siwezi kuziacha, ila mchoro unatakiwa utoke mwilini kwa mtu kwanza, ndo uingie kwenye mashine.

Nafanyaje? Mtu anavaa ile nguo nene ya pamba ya ndani, namzungushia nailoni, juu yake utepe wa karatasi wenye gundi tabaka mbili tatu, nachora mistari ya mikunjo na katikati ya kiungo, nakata taratibu, nalaza bapa, naskani, halafu ndo nakaa na mausi kusafisha mistari. Hiyo nguo ya pamba wengi wanaisahau kabisa. Unene wa milimita 15 tu unaongeza karibu milimita 94 kwenye mzunguko wa mguu, maana unene unazidishwa mara mbili ya pai (ile 3.14), sasa wewe umepima mguu mtupu umeingiza namba kwenye kompyuta, goti litafungaje? Na chuma chenyewe kina unene, kikikunjwa upande wa nje unavutika wa ndani unabanwa, kwa hiyo urefu wa kukata unahesabiwa katikati ya unene, siyo ndani wala nje.

Kuna pahala pa kuiamini kompyuta na kuna pahala pa kutoiamini. Kitu kinachokunjwa upande mmoja tu, kama bomba au koni, mfano kinga ya ugoko, programu itakikunjua bapa na vipimo vitakaa sawasawa, hapo kata bila hofu. Lakini kofia ya chuma ni habari nyingine, hiyo imepinda kila upande, na mwanahisabati Gauss alishathibitisha mwaka 1827 kwamba uso wa namna hiyo haulazwi bapa bila kuuvuta au kuubana. Chukua kofia iliyo kama nusu ya mpira, kutoka katikati hadi kwenye uso wake ni sentimita 11. Ukipima kwa utepe kutoka utosini mpaka ukingoni unapata kama sentimita 17.3, ila ukihesabu eneo, duara bapa lenye chuma kiasi kilekile lina sentimita 15.6 tu kutoka katikati mpaka ukingoni. Namba ipi ya kukata? Inategemea nyundo yako! Ukigonga kutokea ndani chuma kinavutika na kinakuwa chembamba utosini, pale pale panapopokea pigo, na ukikusanya ukingo kwa kugonga kutokea nje kinabaki na unene wake au hata kinaongezeka. Hilo skrini haiwezi kukwambia kwa sababu haijui mkono wako. Ndo maana hata matundu ya ribiti, zile pini za chuma za kuunganishia vipande, kwenye sehemu itakayogongwa mi siyakati mapema na leza, maana chuma kikivutika tundu linahama nacho.

Kinachonifurahisha zaidi ni viungo. Kiwiko kina vipande vinapandana kama magamba ya kamba wa baharini, kila kimoja kinazunguka kwenye ribiti yake, zamani ningekata boksi mara sita saba kutafuta tundu likae wapi, siku hizi nazungusha vipande kwenye skrini, naona kabisa mkono ukikunjwa uwazi unatokea wapi na chuma kipi kinagongana na kingine. Upande wa kushoto nageuza wa kulia kama kwenye kioo, dakika moja, na faili linabaki. Tukumbuke ile karakana ya Greenwich ya wafalme wa Uingereza, michoro ya fundi wake mkuu Jacob Halder iliyotunzwa kwenye jumba la makumbusho la Victoria and Albert kule London inaonyesha deraya ikiwa imeshakamilika, siyo vipande bapa vya kukata, kwa hiyo nani leo anajua bati lao lilikatwaje? Mi natamani sana sisi tusipoteze vya kwetu.

Ila baada ya skrini rudi kwenye boksi. Printi mchoro, kata boksi, unga kwa pini, mvalishe mtu, mwambie achuchumae na anyanyue mikono, ndo uguse chuma. Mimi niliwahi kuruka hatua hiyo, printa ilikuwa imejipunguzia mchoro uenee kwenye karatasi, ikatoka asilimia 96, mzunguko wa milimita 340 ukawa 326 na bati la watu likaishia kona ya karakana.

Kwa hiyo mhariri, ombi langu ni hili, siku mkichapisha kiolezo chochote cha kukata gazetini, wekeni pembeni mraba wa sentimita 10 kwa 10, msomaji aushikie rula kabla hajashika mkasi.

Ni mimi msomaji wenu,
Fundi wa deraya