Alama ya & haiokoi kumbukumbu ya seva

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumze na wenzangu tunaowafundisha vijana wa hapa Mwanza kuandika programu kwa lugha ya PHP. Wengi wetu bado tunawaambia kwamba orodha kubwa inayokabidhiwa kwa fanksheni (kipande cha programu chenye kazi yake maalumu) sharti ipokewe kwa rejeleo (fanksheni ishike kitu kilekile cha aliyeiita), yaani kwa alama ya &, ili isinakiliwe na kuijaza kumbukumbu ya seva. Ushauri huo si sahihi, na zamani ulileta hasara ileile uliodai kuizuia.

Anayelijua soko la samaki la Mwaloni, Kirumba, atanielewa upesi. Karani na mwenye mzigo wakisoma daftari moja la mizani, hakuna sababu ya kuliandika upya; nakala huhitajika pale tu mmoja anapotaka kufuta au kuongeza mstari usiomhusu mwenzake. Injini ya PHP, yaani programu inayoiendesha lugha hiyo, nayo huhesabu ni vibadilika (majina yanayobeba thamani) vingapi vinatumia thamani moja, na hunakili wakati wa kuandika, si wakati wa kukabidhi.

Katika toleo la 5 la PHP, kibadilika chenye rejeleo hakikuweza kuchangia thamani na kisicho nalo. Kwa hiyo fanksheni iliyopokea orodha kwa &, kisha ikaita count (fanksheni inayohesabu vitu vya orodha, nayo huipokea bila rejeleo) ndani ya kitanzi, yaani sehemu inayorudiwa, ilisababisha orodha nzima inakiliwe katika kila mzunguko, ingawa count haiandiki chochote. Programu yangu ya kujumlisha mizigo ya dagaa ilinikwamia siku mbili kwa sababu hiyo, na ilipona nilipofuta alama moja, ambayo, nakiri, niliiweka mwenyewe.

Toleo la 7, lililotoka Desemba 2015, liliuondoa mtego huo kwa kuliwekea rejeleo kifurushi chake lenyewe, hivyo vibadilika vyenye rejeleo na visivyo nalo vikaweza kuchangia thamani moja. Hata hivyo, kwa wale wachache wanaoandika fanksheni za ndani (zinazojengwa ndani ya PHP yenyewe) kwa lugha ya C, kanuni ni ileile: anayesoma tu thamani aliyopewa asiinakili, na anayetaka kuibadilisha ajitengenezee nakala kwanza, la sivyo atachafua daftari la mwenziwe.

Rejeleo libaki kwa fanksheni inayokusudiwa kubadilisha kitu cha aliyeiita, kama sort inavyoipanga orodha uliyoipa. Penginepo pote, naomba tuliondoe katika mazoezi tunayowapa wanafunzi.

Mwalimu wa programu,
Nyamagana, Mwanza