Ratiba ya Kombe la Dunia ichapwe kwa saa zetu

Mhariri,

Kila mashindano makubwa yanapokaribia, magazeti hutoa ratiba ya ukurasa mzima, ya kukata na kubandika ukutani. Ombi letu kwa Kombe la Dunia 2026 ni kwamba ratiba hiyo ifuate saa za Afrika Mashariki, na tarehe nazo ziwe za huku. Tarehe huwaponza watu kuliko saa.

Mechi zitapigwa katika miji 16 ya Marekani, Canada na Mexico. Toronto, Miami na New York ziko nyuma yetu kwa saa 7. Dallas, Houston na Kansas City ni saa 8. Mexico City ni saa 9, kwa sababu Mexico iliacha kusogeza saa za kiangazi mwaka 2022. Los Angeles, Seattle na Vancouver ni saa 10. Chukueni Brazil na Morocco: kule New Jersey, inayofuata saa za New York, ni Jumamosi Juni 13, saa 12 jioni; kwetu ni saa 7 usiku wa kuamkia Jumapili, Juni 14. Mkiandika "Juni 13, saa 7 usiku", mmoja ataamka usiku wa Ijumaa, mwingine wa Jumamosi, na hakuna wa kumlaumu. Andikeni "kuamkia Jumapili" na ubishi umekwisha.

Msiandike 04:00 pia. Marekani na Paraguay wanaanza saa 10 alfajiri kuamkia Jumamosi ya Juni 13, lakini wapo watakaoisoma hiyo 04:00 kuwa saa 4 usiku. Kosa hilo ni rahisi zaidi mwaka huu kwa kuwa mechi ya ufunguzi, Mexico na Afrika Kusini, Alhamisi Juni 11, ni saa 4 usiku kweli, na fainali ya Jumapili Julai 19 vilevile. Wasomaji wa Rwanda, Burundi na mashariki mwa Congo wapunguze saa moja. Walioko Oman waongeze moja.

Jambo la pili ni msimamo wa makundi. Timu ni 48, makundi 12. Wawili wa juu katika kila kundi wanapita, pamoja na timu nane bora kati ya 12 zilizoshika nafasi ya tatu. Kwa hiyo jedwali moja kwa kila kundi halitoshi. Linahitajika la 13, la hao wa nafasi ya tatu, lenye safu ya pointi, tofauti ya mabao, mabao ya kufunga na kadi. Kadi si mapambo: hayo mengine yakilingana, ndizo huamua. Njano moja inakata pointi 1 ya nidhamu, nyekundu ya njano mbili 3, nyekundu ya moja kwa moja 4, na njano ikifuatiwa na nyekundu ya moja kwa moja 5. Senegal wanajua uchungu wake. Mwaka 2018 nchini Urusi walimaliza na pointi 4 sawa na Japan, mabao 4 kwa 4 sawa, na walipokutana walitoka 2-2. Japan walikuwa na njano nne, Senegal sita. Simba wa Teranga wakarudi nyumbani. Dakika za mwisho Japan walikuwa nyuma 1-0 dhidi ya Poland na wakawa wanapasiana tu, kwa sababu Colombia walikuwa wanawafunga Senegal kwingine. Aliyekuwa hahesabu kadi hakuelewa anachokiona.

Tena, msichape mapema kwamba mshindi wa kundi fulani atacheza na wa tatu wa kundi fulani. Michanganyiko ya makundi nane yatakayotoa hao wa tatu ni 495, na kila mmoja una mpangilio wake wa mechi za mtoano. Acheni nafasi wazi hadi mechi za mwisho za makundi ziishe.

Mechi hizo za mwisho huchezwa mbili kwa wakati mmoja katika kila kundi. Utaratibu huo ulikuja baada ya Kombe la Dunia la 1982 kule Gijón, Hispania, Ujerumani Magharibi walipoifunga Austria 1-0, matokeo yaliyowapitisha wote wawili, huku Algeria, ambao walishacheza siku moja kabla, wakitupwa nje. Maana yake kwa mlevi wa soka ni kwamba mwenye TV moja ataona mechi 92 tu kati ya 104. Ukitazama ya pili kwenye simu, jua kwamba picha ya intaneti huchelewa nyuma ya ile ya dishi, mara nyingine kwa nusu dakika au zaidi. Utasikia kelele za jirani kabla kona haijapigwa kwako. Zima makundi ya WhatsApp, au shika redio.

Wenye vibanda umiza, yaani mabanda ya kuonyesha mechi kwa kiingilio, nao wafanye hesabu. Mashindano ni siku 39, kifurushi cha mwezi ni siku 30. Anayelipia Juni 11 atakatikiwa robo fainali hazijaisha, kwa hiyo aweke akiba ya malipo ya pili, na alipie king'amuzi kikiwa kimewashwa. Umeme wenyewe si mzigo mkubwa: TV ya inchi 43 na king'amuzi hula kama wati 120, yaani robo ya uniti kwa mechi, si zaidi ya uniti 26 kwa mashindano yote. Tatizo ni LUKU, yaani umeme wa kulipia kabla, kuisha saa 11 alfajiri, mtandao wa malipo unasuasua na umati unadai hela yake. Nunueni mchana.

Kuhusu usingizi: siku nyingine kutakuwa na mechi ya saa 4, ya saa 7 na ya saa 10. Zote tatu hazifai kwa mtu wa kazi, kwani kati yake kuna saa moja moja tu. Anayeitaka ya saa 10 alale saa 2 usiku na aiache ya saa 4. Anayeitaka ya saa 7 asinywe kahawa wakati wa mapumziko, maana sehemu kubwa yake itakuwa bado mwilini alfajiri. Kila kipindi kitakuwa na mapumziko ya dakika 3 ya kunywa maji, na mtoano ukifika penalti, mechi iliyoanza saa 10 itaisha karibu saa 1 asubuhi. Dereva wa bodaboda au daladala aliyekesha hivyo asishike usukani asubuhi hiyo.

Mwisho, gazeti linachapwa kabla ya mechi za usiku wa manane, kwa hiyo matokeo mengi mtayatoa yakiwa yamechelewa kwa siku nzima. Tuachieni visanduku vitupu vya kutosha tarakimu mbili, na kingine cha penalti. Na tafadhali isiwe karatasi ya kung'aa, wino wa kalamu haushiki.

Wapenzi wa soka,
Tanga