Watoto wanafundishwa funzo, hadithi yenyewe inaachwa

Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua. Mimi ni fundi cherehani, kibanda changu kipo Mtoni kwa Azizi Ali, na kilichonifanya nishike kalamu ni daftari la mjukuu wangu wa darasa la tano.

Wiki mbili zilizopita alikuja nalo mbio kutoka shule. Waliambiwa waandike hadithi waliyoisikia nyumbani, naye akaandika ile ya Fisi na mtoto aliyeachwa peke yake, ambayo nimemsimulia mara nyingi mguu wangu ukiwa kwenye pedali. Alipata 18 kati ya 20. Nilifurahi, mpaka nilipoisoma. Mistari minane. Fisi alikuwa mbaya. Kisha Fisi alimdanganya mtoto. Kisha mtoto alifungua mlango. Kisha mama alirudi. Halafu chini kabisa, imepigiwa mstari kwa rula: "Hadithi hii inatufundisha tusifungue mlango ovyo." Hapo ndipo wino mwekundu wa mwalimu ulipoweka vema kubwa kuliko zote.

Nikamuuliza, "Wimbo uko wapi?"

Akanijibu, "Babu, wimbo hauna maksi. Funzo ndilo lina maksi."

Simlaumu mwalimu wake. Ana darasa lililofurika na mtihani unamsubiri. Lakini neno la mtoto limenikaa moyoni, kwa sababu bila wimbo hadithi ile haipo.

Nilikulia Kilwa Kivinje, na bibi yangu ndiye aliyenipa hadithi hiyo. Mama wa yule mtoto anaporudi kutoka shamba huimba mlangoni ili mtoto amjue, naye Fisi amejificha nyuma ya mwembe anausikiliza wimbo. Usiku wa kwanza anakuja kuimba kwa sauti lake la kukwaruza, mtoto anakataa. Usiku wa pili anailainisha kidogo, mtoto anasogea mlangoni, halafu anarudi. Usiku wa tatu Fisi ametoka kwa mhunzi, amemeza chuma cha moto, na sauti inatoka nyembamba kama ya mama. Bibi aliimba mara zote tatu, kila mara kwa koo tofauti. Ile ya tatu aliimba polepole, ananong'ona karibu, na sisi tuliokuwa tunaitikia kiitikio tangu mwanzo tulishindwa kuitikia. Alikuwa ametufanya tuwe sisi ndio tunaomfungulia Fisi. Hapo hunyamaza, anachezea utambi wa kibatari, anatuacha na giza. Nina miaka 63 na bado nauona ule mkono kwenye utambi.

Tena hakuanza kabla hatujajibu. "Paukwa!" "Pakawa!" Akisikia sauti moja imepungua, anarudia, kwa sababu msimulizi hawezi kuondoka na safari huku abiria mmoja amebaki nje. Wa rika langu mliomsikiliza Deborah Mwenda katika Mama na Mwana, kipindi cha watoto cha Radio Tanzania Dar es Salaam, mnakumbuka jinsi watoto tulivyoisogelea redio.

Wapo watakaosema hayo ni mambo ya zamani. Mwaka jana nilipanda daladala Rangi Tatu nikienda Kariakoo kununua vifungo. Mama mmoja mtu mzima, kiti cha nyuma ya dereva, akaanza kumsimulia jirani yake habari ya jogoo. Hakusema ameibiwa. Alisema, "Yule jogoo wangu mwekundu, niliyemfuga kwa ajili ya arobaini ya mjukuu, juzi alfajiri hakuwika." Basi. Watu wakashusha simu magotini. Tulipofika Zakhem alikuwa ameshaona manyoya mawili juu ya ukuta wa jirani, tena jirani anayekwenda naye msibani na harusini. Mbele kidogo akawa yuko mlangoni kwa huyo jirani na bakuli mkononi, anajifanya anaomba chumvi, na jikoni sufuria inachemka, mfuniko umewekewa jiwe. Konda alikuwa amesimama na noti zimekunjwa vidoleni, hadai nauli ya mtu. Gari lilipofika Mtongani mama akasema, "Shusha." Akashuka! Abiria wakatoa vichwa madirishani: "Mama, ulifunua?" Akatupungia mkono, akavuka barabara.

Mama huyo hakusema hata mara moja kwamba wizi ni mbaya. Alitupatia kitu kimoja anachokitaka, akakiwekea mlango mbele, na mlango mwingine nyuma ya huo. Alituonyesha manyoya mawili badala ya kutuambia ana wasiwasi.

Binti yangu aliyesoma fasihi Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, pale Mlimani, aliniambia kuwa Mgiriki Aristotle, zaidi ya miaka 2,300 iliyopita, alishaeleza kwamba matukio ya hadithi yasifuatane tu, bali moja lilizae jingine. Nililipenda sana jambo hilo. Nikachukua daftari la mjukuu wangu, nikamwambia tuhesabu "kisha". Zilikuwa saba. Nikamwambia kila penye "kisha" ajaribu kuweka "kwa hiyo" au "lakini", na ikigoma, ajue pale kuna kitu kimekosekana.

Iligoma mahali pamoja tu, pale mtoto anapofungua mlango. Kwa nini afungue, na mama yake kamkataza? Nikamuuliza, "Alikuwa anafanya nini wakati huo?"

Akafikiri. "Anapika maharage."

"Yakoje?"

"Yameanza kuungua."

Hayo maharage sikumpa mimi, wala bibi yangu hakuwa nayo. Mtoto wa hadithi alikuwa ameinama jikoni, moshi machoni, anaepua chungu kwa pindo la kanga, kwa hiyo sauti ile hakuisikiliza vizuri. Mjukuu wangu alikuwa amesimama sasa, anaonyesha kwa mikono.

Sisi mafundi tuna uzi wa bandi. Ni ule wa kushikiza vipande kwa mishono mirefu ili kitambaa kisiteleze kwenye mashine. Nguo ikiisha, unauvuta wote unautupa. Funzo ninaliona hivyo. Msimulizi awe nalo rohoni akiwa anashona, hadithi isimtoroke. Lakini kumkabidhi mteja gauni lenye bandi nyeupe kifuani, na kumsifu fundi kwa ajili ya bandi hiyo, ni kumharibu fundi.

Kwa hiyo nina maombi mawili. La kwanza kwa walimu wa Kiswahili wa shule zetu za msingi: kabla mtoto hajaandika hadithi, apewe dakika tano aisimulie kwa mdomo mbele ya wenzake. Wenzake ndio watakaomsahihisha, maana darasa likianza kuvuta vuta viatu chini ya dawati atajua mwenyewe amepotea wapi. Na katika zile alama 20, wimbo upate zake, na mahali pa kunyamaza papate zake. La pili kwako, Mhariri: hadithi za watoto mnazochapa, ondoeni lile sanduku la mwisho la "Funzo". Wekeni picha kubwa zaidi, au mstari wa wimbo ambao mzazi atauimba.

Juzi jioni mjukuu wangu alinisimulia upya nikiwa napiga pasi suruali ya mteja. Fisi alipoweka mguu wake kizingitini, akanyamaza. Akaniambia ana kiu, anaomba maji. Nikaweka pasi pembeni, nikamletea, akanywa taratibu mpaka kikombe kikaisha, ananitazama.

Fundi Cherehani,
Mtoni kwa Azizi Ali, Temeke,
Dar es Salaam