Mfuniko wa saa haufunguliwi kwa mkasi

Mheshimiwa Mhariri,

Assalamu alaykum. Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua niseme na wasomaji wanaofungua saa za mkono wenyewe majumbani. Betri imekwisha au kioo kimeingia ukungu, basi hutafutwa mkasi, kisu cha jikoni au bikari ya mtoto wa skuli, na mara mgongo wa saa nzuri ya chuma umechorwa mistari isiyofutika.

Mistari ile haitokani na ugumu wa mfuniko. Hutokana na chombo kilichoteleza, na chombo huteleza kwa sababu zinazojulikana: saa haikushikwa imara, ncha haikuingia kwenye pengo mpaka chini, au mkono ulizungusha bila kukandamiza. Mkasi na bikari vina maradhi hayo yote kwa pamoja. Vina ncha mbili tu, ncha zenyewe zimechongoka, na miguu yake hutanuka pale pale unapotia nguvu.

Kwanza ujue mfuniko wako ni wa aina gani, kwa sababu hapa ndipo saa nyingi zinapoharibiwa. Mfuniko wa kubana una mdomo mdogo ukingoni, mahali pa kutia kisu butu na kuubenua. Mwengine hushikwa na skurubu nne ndogo, kama wa Casio F-91W. Wa hesi ndio unaozungushwa mzima, na ukingoni utaona mapengo yaliyopangwa kwa nafasi sawa, au meno madogo madogo pande zote kama wa Rolex, kampuni iliyoleta kasha lake la Oyster la kufungwa kwa hesi mwaka 1926. Ukiwa na shaka, tizama maandishi. Mfuniko wa hesi husimama popote pale hesi ilipokaza, kwa hiyo maandishi yake mara nyingi yamekaa upande, hayakuelekea saa sita. Wa kubana na wa skurubu hukaa sawa sawa na kasha. Ukiuchokoa wa hesi kwa kisu hautoki ng'o, utaukwangua ukingo tu na kuharibu mahali mpira wa kuzuia maji unapokaa.

Ukishajua ni wa hesi, vua mkanda. Usiuache ukining'inia, hasa wa chuma, kwani hugonga kasha na huzuia saa kulala sawa. Halafu safisha mapengo. Sisi watu wa visiwani tunatia udhu mara tano kwa siku, wengine kwa maji ya kisima yenye chumvi, na jasho la Kaskazi kila mtu analijua. Chumvi, sabuni na ngozi iliyokufa hujaa ndani ya mapengo na kuganda. Pengo likijaa uchafu, mguu wa ufunguo, chombo cha kuzungushia mfuniko, hukaa juu juu, na ukizungusha huruka. Chukua mswaki mkavu na kijiti cha meno, chokoa mpaka uone chuma, kisha pangusa kwa kitambaa kilicholowa spiriti kidogo. Usitumie maji. Saa yenye mpira mbovu itayanywa.

Anza kwa mpira, usianze kwa chuma. Kuna mipira laini ya mafundi saa inayoenea kiganjani. Kama huna, kunja tepu pana ya kufungia maboksi iwe donge, upande wa gundi ukiwa nje. Pangusa mgongo wa saa kwa spiriti uondoe mafuta, ukandamize mpira kwa uzito wa bega, kisha zungusha kinyume na mishale ya saa, ukiwa unautizama mgongo wenyewe. Kukandamiza ndiko kunakofanya kazi, kwani mpira usiokandamizwa huteleza tu. Mfuniko uliofunguliwa karibuni na kukazwa kwa kiasi mara nyingi hutoka kwa njia hii, na mpira hauwezi kuchora chuma.

Ukikataa, ndipo uchukue ufunguo wa miguu mitatu. Wa miguu miwili, ule wa bei rahisi, siushauri hata kidogo, kwa sababu hulala upande mmoja na mguu mmoja hunyanyuka. Kabla ya kununua, shika miguu uitikise. Ikicheza, urudishe. Chagua ncha zinazojaza upana wa pengo: pengo la mraba ncha bapa, tundu la duara ncha ya duara. Ncha nyembamba ndani ya pengo pana hupata nafasi ya kupinduka.

Bandika tepu ya karatasi ya wapaka rangi, tabaka mbili, juu ya mgongo wote na kasha linalouzunguka, kisha kata kwa wembe penye mapengo peke yake. Ncha ikiruka itachana karatasi. Saa yenyewe ishikwe na kitu kisichokuwa mkono wako: jiliwa ndogo yenye taya za plastiki, au kipande cha mbao laini kilichochimbwa shimo la kina cha kasha. Taya zishike upande wa saa kumi na mbili na saa sita ya kioo, zisiguse kitufe cha kurekebishia mishale, kwani kijiti chake ni chembamba mno.

Weka miguu mitatu, rekebisha mpaka yote iguse ukuta wa pengo, kaza, kisha inama uangalie kwa pembeni kama imeshuka mpaka chini. Simama ukiwa umeiinamia saa ili uzito ushuke wima. Kandamiza, zungusha polepole. Ukisikia mlio mdogo wa kuachia, simama uangalie tena, maana hapo ndipo watu hufurahi, wakalegeza mkono, na ufunguo ukaruka. Baada ya robo ya mzunguko weka ufunguo chini, umalizie kwa vidole.

Mfuniko uliokamatwa na kutu ya chumvi ni shauri jengine. Tone moja la mafuta ya kulegeza kutu, kwa ncha ya kijiti, kwenye mshono, kisha uiache saa imelala chali, mgongo chini, usiku mzima. Likizidi tone moja mafuta yataingia kwenye mtambo. Kama mapengo yameshaliwa, mafundi hugandisha nati kubwa juu ya mfuniko kwa supaglu, huizungusha kwa spana, kisha huondoa gundi kwa asetoni. Njia hiyo inafaa kwa mgongo wa chuma kitupu tu. Asetoni hula kioo cha plastiki na rangi, na mgongo wa kioo utapasuka. Moto usitumie kabisa: huyeyusha mpira, na betri inaweza kupasuka.

Ndani, kwenye saa ya betri, kitu cha kuogopa ni koili, ule uzi wa shaba mwembamba kuliko unywele. Bisibisi ikiugusa ikaukata, saa imekufa. Soma namba ya betri ya zamani ununue ile ile. SR626SW na 377 ni kitu kimoja, ya volti 1.55. Usikubali ya alkali kwa kuwa ni rahisi, inavuja upesi zaidi. Ishike kwa kibano cha plastiki, si cha chuma kinachounganisha pande mbili.

Kufunga kunastahili subira kuliko kufungua. Mpira wa kuzuia maji ukiwa umepasuka, umelegea au umekuwa bapa, badilisha. Pima kipenyo cha mfereji na unene wa mpira, kwa sababu mpira uliozidi unene hupinda na kubanwa na hesi. Upake mafuta ya silikoni kidogo mno, ung'are tu. Vaselini hulainika kwa joto la mkono ikatambaa ndani, na mafuta ya nazi huchacha na kunata. Hapa nawaomba wenye maduka ya Darajani na Mlandege, na ndugu zetu wa Chake Chake na Wete, walete mipira hii ya vipimo mbalimbali. Watu hurudisha mibovu kwa kukosa pa kununua.

Funga ndani ya chumba chenye kiyoyozi ukiweza, na usifunge siku ya mvua ya Masika dirisha likiwa wazi. Hewa yenye unyevu ukiifungia humo itageuka ukungu chini ya kioo saa ikipoa. Feni uizime, inapeperusha vumbi.

Safisha hesi, laza mfuniko, uzungushe kwanza kinyume mpaka uhisi umeshuka kidogo kwenye mwanzo wa hesi, ndipo uukaze kwa vidole. Ukigoma mapema hesi zimepandana, rudi nyuma. Ufunguo umalizie kidogo tu, kwani kinachozuia maji ni mpira.

Usiijaribu saa kwa kuitia ndooni. Ipashe joto la nyuzi 40 mpaka 45, si zaidi, utone tone la maji ya kawaida juu ya kioo, usubiri dakika moja, ufute. Kioo kikibaki safi, ndani ni kukavu. Ukungu ukionekana upande wa ndani, fungua tena siku hiyo hiyo, kabla kutu haijaanza kwenye mishale na mtambo.

Wako,
Fundi saa,
Mkunazini, Unguja