Barua ya wazi kwa Waziri wa Mazingira wa Kaunti ya Nairobi: meza za mandari zifuate kivuli cha alasiri

Mheshimiwa Waziri,

KUH: MAHALI PA KUWEKA MEZA NA VITI VYA MANDARI KATIKA BUSTANI ZA JIJI

Ninakuandikia kuhusu jambo ambalo huenda likaonekana dogo mezani pako, lakini ambalo kila familia inayobeba hotipoti na leso kwenda bustanini Jumapili hulipima kwa macho kabla ya kuketi: kivuli kitakuwa wapi baada ya saa mbili zijazo. Ombi langu ni kwamba, kabla ya meza nyingine yoyote kuchimbiwa kwa saruji katika Uhuru Park, Central Park, City Park au Jeevanjee, mahali pake pachaguliwe kwa kufuata kivuli cha alasiri, wala si kwa kufuata mandhari yanayopendeza kwenye picha.

Nairobi iko zaidi kidogo ya nyuzi 1 kusini mwa Ikweta, na kwa sababu hiyo kivuli cha hapa hakitulii upande mmoja mwaka mzima. Mwezi wa Juni jua hupita upande wa kaskazini, na adhuhuri kivuli cha mti huegemea kusini. Mwezi wa Desemba mambo hugeuka, kivuli kikaegemea kaskazini. Jambo lisilobadilika ni kwamba alasiri, mwezi wowote ule, kivuli huvutwa kuelekea mashariki, na ifikapo saa tisa u nusu hivi urefu wake hukaribia kuwa sawa na urefu wa mti wenyewe. Watu wengi hufika bustanini baada ya ibada, wakatandika leso karibu na shina mnamo saa saba, na kufikia saa tisa wanaiburuta pamoja na sahani, watoto na nyanya yao aliyekwisha kusinzia. Leso huburutika. Meza ya saruji haiburutiki, na ndiyo maana meza iliyowekwa upande wa magharibi wa mti hubaki tupu saa zile zile ambazo bustani imejaa watu.

Aina ya mti nayo ina uzito wake. Mjakaranda ni fahari ya jiji hili, lakini hupukutisha majani kabla ya kuchanua mnamo Oktoba, kwa hiyo kivuli chake huwa chepesi wakati jua linapoanza kuwa kali. Mkaratusi mkubwa ni hatari, kwa kuwa matawi yake huweza kuanguka hata siku isiyo na upepo, na sioni sababu yoyote ya kumketisha mtu chini yake. Mkuyu na mugumo hutanda vizuri kuliko yote, ingawa mwenye kuketi hapo msimu wa mvua hana budi kuangalia siafu kwanza.

Katika Uhuru Park, iliyofunguliwa mwaka wa 1969, watu huvutiwa na sehemu ya chini karibu na ziwa, na ninakubali kwamba watoto hawatakubali kuketi mbali na mashua. Hata hivyo, upande huo umepakana na Uhuru Highway, na sasa barabara ya juu ya Expressway imeongeza mngurumo wake, hata mazungumzo ya kawaida hugeuka kuwa ya kupaaziana sauti. Miteremko ya juu ni tulivu zaidi na maji ya mvua hayatuami pale. Kasoro yake ni kwamba sufuria huteleza na wazee huchoka kupanda. Basi pasawazishwe vituo vichache kama matuta ya shambani, kila kimoja kikitosha meza mbili, na njia ya kuvifikia isiwe ya ngazi pekee. Kutoka hapo mzazi aone mlango wa choo. Mama mwenye watoto watatu hawezi kumsindikiza mmoja msalani akiwaacha wawili nyuma ya kichaka.

City Park inahitaji mawazo tofauti kwa sababu ya kima. Kima wa pale anaufahamu mkoba wa mgeni kuliko mwenye mkoba, na chapati iliyofungwa kwa karatasi huwa imekwenda kabla hujamaliza kugeuka. Meza zikiwekwa ukingoni mwa msitu, chini ya matawi yanayogusana, mnyama hushuka moja kwa moja mezani. Zikiwekwa kwenye kivuli cha miti iliyosimama peke yake katikati ya nyasi, italazimu avuke uwanja wazi, na watu watapata muda wa kufunika chakula. Mapipa ya taka ya hapo nayo yawe na mifuniko mizito.

Arboretum na Karura ziko chini ya Shirika la Huduma za Misitu, kwa hiyo sizijadili hapa, ila kwa jambo moja. Tangu tarehe 5 Juni 2020 plastiki za kutumiwa mara moja haziruhusiwi katika misitu na maeneo mengine ya hifadhi, na wageni wamezoea kubeba chupa zao za maji. Kaunti ingeweza kuwazoesha watu vivyo hivyo katika bustani zake, mradi mfereji wa maji safi uwepo mahali mtu anapouona akiwa ameketi.

Ikiwa fedha ni chache, naomba Uhuru Park itangulie. Bustani kubwa za jiji hili ziko magharibi na kaskazini, na sisi wa Eastlands hupanda matatu hadi mjini, kisha nyingine ili kufika Karura. Uhuru Park tunaifikia kwa miguu kutoka steji. Ni uwanja ule ule ambao Wangari Maathai aliukinga mwaka wa 1989 usijengwe jumba la ghorofa 60.

Kazi ninayoiomba haihitaji mshauri wa kulipwa. Jumapili moja ya Desemba na nyingine ya Julai, mtunza bustani achomeke vijiti kuzunguka ukingo wa kivuli cha kila mti mkubwa saa saba, saa nane, saa tisa na saa kumi. Pale ambapo vivuli vya saa hizo vinapishana kwa wingi zaidi ndipo meza iwekwe. Nikiitwa, nitakuja kushika vijiti.

Wako mwaminifu,
Mkazi wa Umoja, Nairobi